Nilivyokaa theatre India nikimsikiliza mama mkwe akiongea Kihehe huku madaktari wako ndani ya kichwa chake

Wakuu, heshima zenu. Shikamoo nimeziacha hapa mlangoni, anayestahili achukue yake apite.

Mimi humu ni mtu wa kusoma tu. Napita kimya kimya, nacheka na comments zenu, natoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu tangu turudi safari, kila ninayemsimulia ananiambia natunga. Mke wangu naye kachoka, juzi kaniambia, "Nenda kaandike kwenye jukwaa lako huko, humu ndani tumeshasikia."

Basi nimekuja.

Hii sio chai. Yamenikuta mwenyewe. Majina tu nimebadilisha, maana mhusika mkuu yupo hai na hasira zake ziko karibu.

Twende.

Mimi ni Mnyakyusa, naishi Mbeya mjini, nafanya biashara ya mchele. Mke wangu, tumwite Neema, ni Mhehe wa Kilolo. Sekondari nilisoma upande wa Tosamaganga, na miaka ile ya bweni ndiyo niliokota Kihehe. Si Kihehe cha kujivunia wakuu. Naelewa karibu kila kitu, ila nikifungua mdomo Wahehe wanashika matumbo.

Mama yake Neema ni mkulima, na pale usharikani kwao ndiye kiongozi wa kinamama. Mama ana sauti. Akiita mtu ng'ambo ya bonde, mtu anageuka.

Sasa kwa wasiojua mambo ya huku kwetu: mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Nikienda Kilolo mimi nakaa sebuleni, yeye yuko jikoni. Tunasalimiana kwa mbali, macho chini. Chakula analeta mtu mwingine. Miaka yote niliyooa sidhani kama tuliwahi kukaa meza moja.

Ugonjwa ulianza kama utani.

Mama akawa anakosea majina ya vitu. Anataka mwiko, anasema ndoo. Anataka chumvi, anasema Jumatano. Watu wanacheka, na yeye anacheka. Halafu siku moja usharikani akasimama kusoma somo, akafungua Biblia, akatulia. Kiswahili hakikuja. Akakaa chini. Neema aliposimuliwa kwa simu alilia, maana mama yake hajawahi kukaa chini bila kumaliza jambo.

Baadaye akaanguka jikoni na degedege. Hapo kukimbizana hospitali kukaanza, Iringa kwanza, kisha Dar. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto.

Daktari wa Dar alitueleza vizuri sana. Uvimbe haukuwa mkubwa wa kutisha, ila umekaa jirani kabisa na sehemu inayotunza lugha. Ukiachwa, utammaliza. Ukikatwa vibaya, atabaki hai lakini hatasema tena. Akatushauri India, kuna mtaalamu anamfahamu. Huyo anapasua mgonjwa akiwa macho, anaongea. Mgonjwa akianza kukosea maneno, daktari anajua hapa pasiguswe.

Nikauliza, "Macho macho kabisa?"

Akasema ngozi inatiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu.

Wakuu, mimi nikinyolewa nywele nafumba macho.

Nani aende naye? Neema alikuwa ametoka kujifungua kwa operesheni, kitoto bado kichanga. Kaka yake yuko Mgololo, hana pasipoti, na ya mama tu ilitupa kazi kuipata. Ukimwacha mama, mwenye pasipoti tayari ni mmoja tu, tena si wa ukoo: mimi, kwa sababu navuka sana Tunduma kwa biashara.

Neema akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Nikasema, "Mimi na mama? Ndege moja?"

Akasema, "Na chumba cha hospitali kimoja."

Ndani ya ndege mama alipoona siti zetu ni za kukaa bega kwa bega, akagoma kukaa. Akasimama pale katikati, watu wamejaa nyuma na mabegi yao, anamwelekeza mhudumu kwa mikono kwamba huyu ni mkwe, haiwezekani. Mhudumu haelewi. Kiswahili cha mama kilikuwa kimeshaisha wakati huo, alibaki na Kihehe peke yake. Mwisho akakaa dirishani, akajifunika kitenge kichwa kizima, akageukia nje. Safari nzima nimesafiri na kitenge.

Tukafika Delhi. Hospitali siitaji, isije ikaonekana natangaza biashara ya watu.

Hapo ndipo lugha ilipoanza kutunyoosha.

Kiingereza changu ni cha Tunduma: bei, kilo, gari limekwama. Daktari bingwa, nimwite Dokta Arvind, ni mzee mpole mwenye miwani, lakini Kiingereza chake kinakimbia kama kinafukuzwa. Siku ya kwanza niliitikia "yes, yes" kwa kila kitu. Nikaja kugundua kumbe nimekubali kwamba mama amewahi kupasuliwa moyo. Ilibidi nirudi mbio ofisini nikafute.

Halafu kuna neno lao moja. Acha.

Kila mtu anasema acha. Namweleza nesi kwamba mama hali pilipili, ananiambia, "Acha, acha." Nanyamaza. Nasubiri. Naanza tena, "Acha." Nanyamaza tena. Nikasema mbona watu wa huku wakali hivi, mtu huruhusiwi kumaliza sentensi? Mpaka mfanyakazi mmoja wa mapokezi akanieleza kwamba kwao maana yake ni sawa, vizuri, nimekuelewa. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kumbe walikuwa wananitia moyo muda wote.

Mama yeye hakuhangaika kabisa. Kitanda cha jirani alilazwa bibi mmoja wa Kihindi. Bibi anaongea Kihindi, mama anajibu Kihehe. Mchana kutwa. Wanapigana vibao vya mapaja, wanacheka, wanapeana biskuti. Nikamuuliza mama, "Mnazungumza nini?"

Akasema, "Wakwe."

Nikamuuliza kijana wa yule bibi, anayejua Kiingereza. Akaenda kumuuliza mama yake, akarudi akasema, wanazungumzia magoti yanavyouma.

Wote wawili walikuwa wameridhika, mimi ni nani niwaharibie.

Sasa kazi ikaja. Kuna dada mtaalamu wa mambo ya kuongea, Kavita. Kazi yake ni kumpima mgonjwa kabla ya operesheni, na kukaa naye ndani wakati wa operesheni akimwonyesha picha ataje majina. Akaja na picha zake. Ya kwanza ngamia. Mama akamtazama yule ngamia kwa muda mrefu, akaniambia, "Huyu ng'ombe kafanywa nini?"

Ya pili gongo la ule mchezo wao wa kriketi. Mama akasema ni ubao wa kufulia.

Kavita akaandika, akasikitika. Anadhani ugonjwa umefika mbali. Nikamwambia, hapana dada, hivi vitu mama hajawahi kuviona akiwa mzima, atavijuaje akiwa mgonjwa?

Akauliza anaongea lugha gani. Nikamwambia Kihehe. Akachukua simu atafute ile ya kutafsiri. Lugha zipo nyingi mno humo. Kihehe hakipo. Akauliza kama hapa mjini kuna mwingine anayekijua.

Wakuu, katika jiji lile zima lenye mamilioni ya watu, wanaojua Kihehe tulikuwa wawili, na mmoja wetu ndiye anapasuliwa kichwa.

Dokta Arvind akaitwa. Wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Kisha akanigeukia, safari hii akaongea taratibu, neno moja moja. Kwamba yeye anajua kukata. Lakini hawezi kujua kama maneno ya mama ni mazima au yameharibika, kwake ni sauti tu. Kwa hiyo mimi ndiye nitakuwa masikio yake. Nitaingia theatre, nitakaa mbele ya uso wa mama. Likitoka neno bovu, niseme "Stop." Neno moja tu hilo.

Nikasema, "Daktari, mimi ni mkwe."

Hakuelewa tatizo liko wapi. Nami Kiingereza cha kumweleza sikuwa nacho.

Nikampigia Neema. Nikamwambia tunahitaji picha za vitu ambavyo mama anavijua. Neema akawapigia watu wa kule kijijini, picha zikaanza kumiminika WhatsApp: jembe, kinu, mwiko, boga, kuku, ng'ombe, mlango wa jikoni kwake. Kavita akazipanga kwenye tablet, anafurahi kama mtoto. Tukafanya mazoezi. Mama alizitaja karibu zote kwa Kihehe, bila kusita. Kavita akamkumbatia. Mama naye akamshika mashavu.

Siku yenyewe ikafika.

Nilinawishwa, nikavalishwa gauni, kofia, kitambaa cha mdomo. Ndani kuna baridi kuliko Makete. Mama kalazwa ubavu, kichwa kimebanwa kwenye chuma kisitikisike. Wameweka pazia la plastiki. Ng'ambo ya pazia wako kina Dokta Arvind na kazi yao, sikuthubutu kuchungulia hata mara moja. Upande huu uko uso wa mama, Kavita, na mimi kwenye kijistuli.

Kwanza walimlaza usingizi, wakafungua wanachofungua. Kisha wakamwamsha.

Akafumbua macho. Akanitazama. Uso kwa uso, karibu hivi, mimi na mama mkwe.

"Mkwe?"

"Naam mama."

"Mbona umevaa kama mpishi?"

Nikamwambia Kavita, yuko sawa.

Picha zikaanza. Jembe, akataja. Kinu, akataja. Boga, akataja na akaongeza kwamba hilo halijakomaa, nani kalichuma? Kuku, akauliza mbona wako nje na mahindi yameanikwa. Mimi kila akisema najibu "good", ng'ombe, "good", mlango, "good". Nyuma ya pazia kuna kamlio kadogo ka chombo, siwezi kukasahau.

Ikaja picha ya shamba lake la mahindi. Sasa aliyetumwa kulipiga picha ni jirani yake, tumwite Mama Zawadi. Hawa wawili wana ugomvi wa mpaka tangu enzi. Badala ya kupiga shamba, akapigwa picha yeye mwenyewe amesimama katikati ya shamba, mikono kiunoni, anatabasamu.

Mama aliwaka!

"Huyu anafanya nini kwenye mahindi yangu? Nimegeuka tu mgongo! Mwambieni atoke! Mwambieni naiona picha, naiona!"

Mashine za mapigo ya moyo zikaanza kupiga haraka haraka. Dokta Arvind akauliza kwa wasiwasi toka kule nyuma, anasema nini, ni kawaida?

Nikajibu, "Very normal, doctor. Very, very normal."

Hakika ndivyo ilivyokuwa. Miezi mingi sikuwa nimemsikia mama akiwa mzima kiasi kile.

Nikawa nacheka ndani ya kitambaa, machozi yananitoka. Kavita anacheka bila kujua anacheka nini.

Ikaja picha ya mwiko.

Mama akasema, "Hii ni..." Akarudia, "Hii ni, hii ni..." Halafu yakaanza kutoka maneno ambayo si Kihehe, si Kiswahili, si lugha ya mtu yeyote. Sauti tu. Na macho yake yananitazama, yanajua kwamba neno halitoki. Yaliniomba kitu yale macho.

Neno langu moja nililopewa likanipotea. Nikapiga kelele, "Acha! Acha!"

Na mwenye dawa za usingizi akanionyesha dole gumba!

Jamani. Mimi nasema acha, wao wanasikia vizuri, endelea. Kamlio bado kanalia. Nikasema tena "Acha!" kwa nguvu zaidi, ndio nazidi kuwatia moyo. Kavita akanitazama usoni, tabasamu lake likapotea. Hapo ndipo akili ikanirudi, nikainuka na mikono yote juu, "STOP! Stop! No good!"

Kamlio kakazima.

Nilimshika mama mkono. Sikufikiria mila wala nini, nilishika tu kwa mikono yangu yote miwili, nikawa namwita, mama, mama.

Tukasubiri.

Akameza mate.

"Mwiko," akasema. "Si mwiko huo? Kwani nyie mliona nini?"

Wakuu, sijawahi kupenda mwiko maishani mwangu kama siku ile.

Dokta Arvind aliweka kialama kidogo pale mahali, pasiguswe tena, akazunguka akaingilia upande mwingine. Akasema sasa anakaribia pembeni mwa uvimbe, picha hazitoshi, mama aongee mfululizo, aeleze habari za familia yake.

Nikamwambia mama aeleze.

Akaanza na baba yake. Akaja kwa marehemu mume wake. Akaja kwa watoto. Kisha akasema, "Huyu Neema akaleta Mnyakyusa. Mimi nilikataa. Nilimwambia baba yake, watu hawa wanaongea sana, na ndizi kwao ni chakula, si tunda. Binti atakufa njaa. Na huyu kijana mwenyewe mwembamba, masikio makubwa..."

Nyuma ya pazia: "What is she saying?"

"She is talking about me, doctor."

"Is it correct?"

Nikafikiri kidogo. "The language is correct, doctor."

Theatre nzima ilicheka. Nasikia hata aliyekuwa ameshika vyombo ilibidi avishikilie vizuri. Mama naye akaendelea, hajui kapata wasikilizaji, akaeleza Kihehe changu kilivyo kibovu, nikisalimia "kamwene" natoa kwenye pua. Nami kila dakika najibu good, good, good.

Mwishoni akanitazama. "Mkwe, unalia?"

"Hapana mama. Dawa za humu zinawasha macho."

"Haya," akasema. "Usiuachie mkono, kuna baridi."

Walipomaliza Dokta Arvind alinikuta nje nimekaa chini sakafuni. Akakaa na yeye. Akasema wametoa uvimbe karibu wote. Majibu ya vipimo yalipokuja, ulikuwa wa aina isiyo na fujo. Anahitaji kuangaliwa kila baada ya muda, na dawa za degedege anameza bado, ila yuko nasi, na anaongea.

Anaongea mno.

Kiswahili kimerudi kidogo kidogo baada ya kufika nyumbani. Jumatano bado inatokea mahali pa chumvi, siku moja moja.

Jumapili ya kutoa shukrani nilishuka Kilolo na Neema na mtoto. Kanisa limejaa mpaka nje. Mchungaji akamwita mama mbele. Akasimama, akaanza kwa Kiswahili, akaenda vizuri, kisha akakwama neno. Neema akanibana mkono.

Mama akatazama mabenchi, akaniona.

"Mkwe, njoo huku."

Nikaenda. Akahamia Kihehe, akasema sentensi ndefu, akanigeukia, "Haya waambie."

Nikamnong'oneza, "Mama, hawa wote ni Wahehe."

Akajibu kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde, "Najua. Nimezoea nikisema wewe ndiye unawaambia watu. Tafsiri."

Basi mimi Mnyakyusa, nimesimama madhabahuni Kilolo, namtafsiria Mhehe kwa Wahehe. Na kila nikikosea, kanisa zima linanisahihisha kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Mchungaji alikaa chini kwa kucheka. Mama Zawadi alikuwa benchi la mbele, anajifuta machozi kwa khanga. Mama alipomaliza akaniambia, "Umejitahidi," akanishika mkono, tukarudi kukaa benchi moja.

Wakuu, niliyojifunza ni haya. Ukimpeleka mgonjwa nje, usihangaike tu na visa na tiketi. Mpeleke na mtu anayejua lugha anayoiotea ndoto. Chukua picha za nyumbani kwake. Usiitikie "yes" kitu ambacho hujaelewa, uliza hata mara kumi, hakuna daktari aliyenikasirikia kwa kuuliza. Na neno la kusimamisha mkubaliane mapema, halafu lishikilie kwa meno, kwa sababu moyo ukishtuka unarudi kwenye lugha ya mama yako.

Na wewe unayeona aibu kwa lugha yako ya kijijini, ongea na wanao. Siku moja atahitajika mtu wa kuisikiliza.

Kama kuna mwenye mgonjwa anajiandaa na safari ya namna hii, ulizeni hapa chini, ninachokijua nitajibu. Waliowahi kukwama na lugha hospitalini nao watuambie ilikuwaje. Na Wahehe mliopo humu, najua mnakuja kunicheka. Kamwene.